Mnyororo Uliolala

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na daftari nene. Saa nimeielewa: ni ya kunionyesha jinsi muda unavyojikokota mtu akiwa hana kazi. Daftari mkasema, "Mzee Tani, tuandikie ya kazini, nasi tusome." Mnajua vizuri kwamba shule niliiacha darasa la nne, na hilo la nne lenyewe tuliachana kwa ugomvi. Lakini mtu aliyenunua trekta kwa jasho lake mwenyewe hashindwi na kalamu. Kalamu haina uzito wowote. Nimeipima.

Mambo ya nani alilipwa nini na nani alipandishwa sitayaandika. Kazi yetu ya kuvuta magari yaliyokwama haina vyeo. Kuna matope ya kifundoni, ya magotini na ya kiunoni, basi. Nitaandika juu ya zile pete za mnyororo zinazoning'inia ukutani pale gereji, Gongoni. Ziko kumi na saba, na kila moja ilikatika nikivuta gari fulani. Mteja akiingia hamkosi kunisikia nikimweleza: hii lori la mbao, hii basi, hii lori la tumbaku. Nilizitundika kama wawindaji wanavyotundika pembe. Ile ya kwanza, ya karibu na mlango, habari zake mmezisikia mpaka mnaweza kuzisimulia mkiwa usingizini: mnyororo mbovu, aliununua Mzee Mrisho mwenyewe, ukakatika ukamvunja mguu. Hiyo naomba muiweke akilini. Ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa tajiri mmoja aliyekuwa na trekta na winchi ya mkono. Mkuu wa kazi alikuwa Mzee Mrisho, mtu mwembamba, mpole, mikono imejaa alama za chuma. Wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, ila alikuwa na utulivu wa kizee. Nilimkuta anakagua mnyororo, anagonga pete moja moja kwa nyundo na kutega sikio.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jina lako?"

"Hamisi. Lakini watu wananiita Tani, maana nabeba magunia mawili ya mpunga kwa mkupuo mmoja."

"Watu gani?"

Nikageuka kutazama trekta. Ukweli ni kwamba jina lile nilikuwa nimejipa mwenyewe, asubuhi ile ile, njiani.

Akacheka kwa puani, akaendelea kugonga. Nikaona nimshinde kwa ukoo. Nikamwambia babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka huku hadi Bagamoyo kwa miguu yake.

"Hapa kila mtu ana babu mpagazi," akasema. "Sasa niambie, mzigo aliuinuaje?"

"Kwa nguvu."

"Angeuinua kwa nguvu angezikwa hapa jirani Kwihara, hata safari haijaanza. Mpagazi hanyanyui mzigo kwa kuruka, bwana mdogo. Anapiga goti, anawekewa begani, anausikia shingo inasemaje, ndipo anainuka. Na mnyororo ni hivyo hivyo. Mnyororo usilale. Mnyororo uliolala huamka na hasira."

Nilidhani ni methali. Wazee wana methali nyingi, na mimi sikuja pale kutafuta methali, nilikuja kutafuta trekta.

Ufundi wake ulikuwa huu, nanyi mlio kazini uandikeni mahali. Alifunga mnyororo kwenye lori lililokwama, kisha akamwashiria dereva wa trekta asogee kidogo, kidogo tena, mpaka mnyororo unyanyuke wote kutoka ardhini. Akatembea kandokando yake, anauinua kwa ncha ya kiatu kuona kama kuna mahali umelegea. Halafu akatandika gunia lililoloweshwa maji katikati ya mnyororo, ili ukikatika usipae. Kisha akafukuza watu wote waende mbali kuliko urefu wa mnyororo wenyewe. Baada ya hapo ndipo trekta ilivuta, pole pole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kazi yote ilichukua nusu saa, na watazamaji walikuwa wanapiga miayo. Mimi ile miayo iliniuma sana. Mtu unavuta tani sita na hakuna anayepiga makofi!

Baada ya mwaka wa tatu nilikabidhiwa usukani. Siku hiyo ninayotaka kuiandika tuliitwa barabara ya Kwihara, lori la mahindi limezama kwenye udongo mweusi. Tulikuwa na mnyororo mpya wa tani tatu, Mzee Mrisho kaununua siku chache kabla, kagonga kila pete kwa nyundo yake. Tukavuta mara ya kwanza kwa utaratibu wake. Lori likasogea kidogo, tairi zikateleza, likarudi.

"Simamisha, Tani," akasema. "Tutie magogo chini ya tairi." Akainama mbele ya lori kuokota gogo.

Sasa, kando ya barabara alikuwa amesimama msichana mmoja anaitwa Zuhura, na kapu lake la karanga kichwani. Leo ni mama wa watoto wangu, na mpaka leo anaapa kwamba siku ile alikuwa anatazama mahindi. Mimi niliona ananitazama mimi. Nikarudisha trekta nyuma hatua kadhaa, mnyororo ukaanguka chini, ukalala. Nikaweka gia, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, nikaondoka kama fahali aliyekatiwa kamba.

Mlio wa mnyororo ukikatika mnaujua. Ule mwingine uliofuata, wa Mzee Mrisho, siwezi kuuandika. Mguu wa kushoto, chini ya goti.

Tajiri alipouliza kulitokea nini, mwenye kujibu nilikuwa mimi, kwa kuwa mwenzangu alikuwa amelazwa. Nikasema mnyororo ulikuwa mbovu. Akauliza nani aliununua. Nikasema Mzee Mrisho. Kila neno nililosema hapo lilikuwa fupi, na la pili lilikuwa kweli tupu, ndiyo maana uongo ule ulisimama imara vile. Gongoni nzima ikajua kwamba Mrisho kazeeka, hajui tena kuchagua chuma. Alipotoka hospitali na fimbo mkononi, nafasi yake nilishaikalia. Hakubisha. Alirudi kwao Kwihara kulima karanga. Mimi nikaokota ile pete iliyofunguka mdomo, nikaja kuitundika ukutani nilipopata gereji yangu. Sijui hata kwa nini. Labda uongo nao unataka shahidi.

Miaka iliyofuata mnaijua, maana nimewasimulia bila kuombwa. Nilinunua trekta yangu. Nyuma yake nikapigilia ubao mwekundu: NGUVU HAIOMBI RUHUSA. Nikabuni na mtindo wangu. Naweka mawe kwenye trekta, napandisha na wanaume wanane kuongeza uzito, wanaimba, narudi nyuma, halafu nakwenda mbio. Hakuna aliyepiga miayo tena. Watu walitoka vijijini kuja kutazama. Mnyororo ukikatika nilisema, "Mmeona? Hata chuma kinaniogopa." Pete nikaipeleka ukutani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini Mzee Mrisho, kwa muda wote niliofanya naye kazi, hakuwa na pete ya kutundika hata moja.

Basi tufike Usinge, nikiwa nimeshapita hamsini. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wafuga nyuki, mwenyekiti wao Mama Chiku, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvunja chungu. Asali yao ya mwaka mzima, mapipa kwa mapipa, ilikuwa juu ya lori moja, na lori limekwama katikati ya korongo la mchanga. Chini pamekauka, ila upande wa juu mawingu yameshakuwa meusi kama sufuria. Kila mkazi wa kule anajua maana yake: mvua ikinyesha juu, korongo hujaa bila kumwambia mtu. Na pipa la asali si ndoo ya maji. Wanaume wanne kwenye sakafu kavu wanahema, sembuse mchangani. Ilikuwa ama lori litoke nayo, ama mwaka wao uende na maji.

Nilifika na minyororo miwili na maneno mengi. "Mama Chiku, jioni hii utakunywa chai kwa asali yako mwenyewe." Nikapandisha mawe, nikapandisha wanaume wanane, wakaimba, nikarudi nyuma, nikaenda.

Mnyororo ulikatika kwenye ndoano ya lori. Kipande kilirudi kwetu kikipiga mluzi, kikavunja ubao wangu vipande viwili, kikapita kati ya mtu wa tatu na wa nne na kando ya sikio langu, kikang'oa bomba la moshi. Wimbo ulikoma katikati ya neno. Wanaume wote wanane walishuka bila kuambiwa, na mmoja wao alishuka akiwa amekaa. Trekta, kwa kukosa bomba, ikaanza kunguruma kama inanitukana.

Mama Chiku alikuwa amekaa juu ya mapipa yake na hakutaka kushuka. "We Tani! Asali yangu haijui kuogelea! Umekuja kuvuta au kuua?"

Wakati nafunga mnyororo wa pili, ambao ulikuwa mwembamba zaidi, akanijia mwanamke kijana mwenye mkoba. Alikuwa abiria wa lori lile, mwalimu wa sekondari, anafundisha fizikia, jina lake Yustina.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa mbali, binti, chuma hakichagui."

"Nimeona. Trekta yako ina kilo ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne. Na mawe yangu na watu wangu, elfu tatu kamili."

"Na ulipokwenda kwa mbio, nimekuhesabia. Ulifika kama mita tatu kwa kila sekunde. Mnyororo ulipokaza, mbio hizo ziliisha kwa muda gani?"

"Mara moja."

"Mara moja si namba, baba."

Nikatazama mawingu. "Mwalimu, hapa hakuna darasa."

"Msikilize mtoto wa mwenzio!" Mama Chiku akapaza sauti kutoka juu.

Mwalimu akatoa chaki kwenye mkoba, akaanza kuandika kwenye boneti ya trekta yangu bila hata hodi. "Tuseme robo ya sekunde. Kasi ya tatu kuisha kwa robo ya sekunde: tatu gawanya kwa robo, kumi na mbili. Huo unaitwa mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kwa kila sekunde. Iongezeke au ipungue, hesabu ni ile ile. Ule wingi wa chuma na mawe, kilo elfu tatu, unaitwa tungamo. Na ile inayoupata mnyororo ni kani. Kani ni tungamo mara mchapuko. Elfu tatu mara kumi na mbili?"

"Thelathini na sita elfu!" Mama Chiku akajibu. Mwenye kuuza asali kwa lita hasubiri mtu kwenye hesabu.

"Kani hupimwa kwa nyutoni, basi ni nyutoni thelathini na sita elfu. Na huu mnyororo uliobaki unabeba kiasi gani?"

"Tani mbili ukiuning'iniza," nikasema.

"Kilo elfu mbili, na dunia inavuta kila kilo kwa nyutoni kama kumi. Elfu ishirini. Ukirudia ulichofanya, utakatika."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu tumboni. "Basi nitoe mawe, watu wameshajitoa wenyewe."

"Elfu mbili na mia nne mara kumi na mbili?"

"Ishirini na nane elfu na mia nane," akasema Mama Chiku. "Bado umekata, Tani."

"Mawe yaache," mwalimu akasema. "Ongeza na mengine mahali pa watu, yanakandamiza tairi zishike ardhi. Adui yako ni zile mbio. Tazama huku: lori ni kilo elfu sita. Ukianza mnyororo ukiwa umeshakaza, na kasi ikapanda nusu mita tu kwa sekunde katika kila sekunde, ni elfu sita mara nusu. Elfu tatu. Mchanga unavyolishika lori nakisia elfu kumi na mbili. Jumla kumi na tano elfu, chini ya ishirini. Mnyororo unapona."

"Ahaa, unakisia!" nikamrukia.

"Nakisia. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Walicheka hadi waliokuwa ng'ambo ya korongo. Mimi sikucheka, na si kwa sababu ya aibu peke yake. Nilikuwa nimetazama ile chaki kwenye boneti, na masikioni nasikia sauti ya mtu mwingine kabisa. Anza mnyororo ukiwa umekaza. Mpagazi anapiga goti. Mnyororo usilale. Kumbe ile haikuwa methali. Ilikuwa hesabu, ila haikuwa na namba.

Nikaomba gunia, nikalilowesha kwa maji ya dumu langu. Nikasogeza trekta kidogo, kidogo tena. Nikashuka, nikatembea kandokando ya mnyororo, nauinua kwa ncha ya kiatu. Mwili ulikuwa unakumbuka kila kitu, kama vile ulikuwa unanisubiri miaka yote hiyo nimalize kelele. Nikafukuza watu mbali. Nikavuta.

Nilivuta pole pole kiasi kwamba watazamaji walianza kunirushia maneno. "Tani, umesinzia?" "Mzee analichumbia lori!" Jasho lilinitoka kuliko siku zote za mbio. Kwenda taratibu ni kazi ngumu ukiwa na sifa. Mnyororo ulilia, haukukatika. Lori likatikisika, likasimama, likatikisika tena, likaanza kuja. Tairi zake za nyuma zilipogusa ukingo, maji ya kwanza yalikuwa yamefika pale lilipokuwa limekwama, mekundu, yamebeba majani. Mama Chiku akapiga vigelegele peke yake juu ya mapipa mpaka sauti ikamkauka.

Watu wakanizunguka wanipe mikono. Mimi nikamtafuta mwalimu, nikamvuta pembeni.

"Mwalimu, mnyororo mpya, mzima, umekaguliwa pete kwa pete. Unaweza kukatika?"

"Ukiurukia? Hata wa leo kutoka dukani."

"Hata kama aliyeununua anajua kuchagua?"

Akanitazama. "Baba, aliyeununua hayumo kwenye hesabu. Yumo aliyekanyaga mafuta."

Nyumbani nilipiga hesabu ya Kwihara mara nne, kwa matumaini kwamba ningekosea. Kwa kawaida mimi hukosea. Kilo elfu mbili na mia nne, maana trekta ya tajiri ilikuwa ya aina ile ile na yangu. Mita nne kwa sekunde, maana nilikuwa kijana na Zuhura alikuwepo. Robo ya sekunde. Mchapuko kumi na sita. Nyutoni thelathini na nane elfu na mia nne, juu ya mnyororo mzima wa tani tatu, ambao mwisho wake ni thelathini elfu. Mara zote nne nilipata jibu lile lile. Sijawahi kupata vema nne mfululizo maishani mwangu, na nilitamani nipigwe mkasi kwenye zote.

Mtu mwema angekwenda Kwihara kesho yake. Mimi nilikwenda baada ya miaka mitatu. Niliacha mbio, mlishangaa nikaanza kuloweka magunia, nikawaambia ni teknolojia mpya. Pete za ukutani zikakaa kumi na saba bila kuongezeka, nikawaambia siku hizi minyororo imeimarika. Ninyi mkaamini. Nawalaumu kidogo.

Ni mgongo wangu ulionistaafisha, nikiwa na hamsini na sita, na kukaa bure ndiko kulikonisukuma. Wiki iliyopita niling'oa ile pete ya mlangoni, nikaitia mfukoni pamoja na karatasi ya hesabu, nikaenda.

Nilimkuta Mzee Mrisho uani anapukuchua karanga, ule mguu kaunyoosha juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mzee Mrisho."

"Marahaba, Tani. Umenenepa. Sasa jina linakufaa."

Nikaweka pete mbele yake. Nikasema yote, na kwa kuwa maneno hayakutosha nikatoa karatasi, nikamwonyesha kila mstari. Alisikiliza hadi mwisho huku anapukuchua. Kisha akaokota ile pete, akaigonga kwa kucha, akatega sikio.

"Chuma kizuri hiki," akasema. "Niliwaambia hospitali, kilikuwa chuma kizuri."

"Ulijua ni mimi?"

"Hamisi, mimi nilikuwa upande wa pili wa mnyororo."

Nikapiga magoti nimwombe radhi. Akanizuia kwa ile fimbo.

"Radhi nimekupa zamani, nisingeweza kulima nikiwa nimeibeba. Lakini tazama uani hapa. Tuko mimi, wewe na kuku. Uongo uliusema wapi?"

"Gongoni."

"Basi mbona kweli unaileta Kwihara?"

Nikakunja karatasi yangu. Akanirudishia pete, akanifungia na karanga za kumpelekea Zuhura.

Ndiyo maana daftari lenu, ambalo nilipanga kulijaza sifa, limeishia hivi. Nimemwomba mmoja wenu mwenye sauti nzuri alisome pale gereji siku ya Jumamosi, watu wakiwa wengi, na mimi nitakuwepo, nimesimama karibu na mlango. Pete ninairudisha kwenye msumari wake. Mteja akiuliza habari zake, mwambieni hivi: mnyororo ulikuwa mzima. Mzee Mrisho aliuchagua vizuri. Aliyeukata ni Hamisi.